Matanga ya Bwana Dalwadi

Jamhuri, Nairobi
Jumanne, 15 Mei 1973

Kwa dadangu Mwanasiti,

Nakusalimu kwa salamu zote alizotufunza mama, hata kama mchukuzi wa barua hii amesimama mlangoni ananitazama mimi na saa yake kwa zamu. Natumai u mzima wewe na shemeji na watoto, na kwamba ule mguu wako umepoa tangu uanze kuukanda kwa mafuta ya nyonyo. Sisi huku hatujambo. Tena maneno haya uyasome polepole, kisha uyarudie: sisi sote hatujambo, na Athman wa Kisumu, nduguye mume wangu, hajafa.

Simu yako ya maandishi ya rambirambi imetufika leo asubuhi, kwamba hitima yake ni Ijumaa na mbuzi ameshapatikana. Nimekujibu papo hapo, lakini posta hutoza kila neno, kwa hivyo nimeandika tu ATHMAN HAI BARUA YAJA. Mbuzi msimchinje. Kama ameshachinjwa, mleni kwa raha zenu, maana katika jamaa zetu hakuna aliyekufa.

Lakini nakujua, dada. Wewe roho yako haiko kwa Athman. Wewe ndiwe uliyemtafutia Zena posa hii, ukaenda kwa Bi Khamisa na mguu wako mbovu kumsifia mwanangu hadi koo likakukauka, na sasa wataka kujua kama tumeiharibu. Zena mwenyewe, aliyewakataa wachumba wa Nairobi kama mtu akataaye chai ya baridi, tangu amwone huyo Faraj, mwana wa Bi Khamisa, kwenye harusi huko kwenu Mombasa, hasikii la mtu. Hivi ninavyoandika macho yamemvimba. Nitafika huko. Ila lazima nianze na maiti, na maiti mwenyewe hakuwa Nairobi wala Kisumu. Yeye alifia Bombay.

Shemejiyo Mohdhar unamjua. Ni mtu wa maneno machache, duka na msikiti, isipokuwa Jumapili mchana huvaa shati safi akaenda sinema kutazama filamu za Kihindi. Miaka mingi nimemwacha aende, nikasema kila mwanamume ana ugonjwa wake na huu wa kwake hauna gharama kubwa. Kumbe yeye haendi kutazama chochote. Huenda kusikiliza. Yuko, au sasa niseme alikuwako, bwana mmoja akiitwa Hasmukh Dalwadi, mtungaji wa muziki wa filamu, tena ndiye aliyesimama mbele ya wapigaji wake na kijiti mkononi akiwaongoza, fidla upande huu, ngoma upande ule. Katika filamu humwoni. Jina lake hupita mwanzoni kwenye kitambaa, na watu wengi wakati huo bado wanatafuta viti vyao.

Sasa mume wangu si mgonjwa peke yake. Yuko Mwendwa, jirani yetu hapa Jamhuri, karani wa serikali, mtu wa Machakos na mzee wa kanisa. Yuko mkewe Nzembi, ambaye ni mpishi kwenye nyumba moja ya Wazungu kule Spring Valley. Na yuko Kiragu, mkata tiketi wa sinema. Jumamosi jioni hukutana dukani kwa Mohdhar, Barabara ya Biashara, wakapiga santuri za Dalwadi katikati ya mabunda ya leso, na wateja hupimiwa kitambaa kwa mdundo.

Habari za kifo zilikuja Alhamisi. Mwenye duka la pili, Mhindi, alizisoma kwenye gazeti lake akaja kumwambia Mohdhar. Naye akafunga duka saa nne asubuhi. Dada, katika mtaa ule duka halifungwi saa nne ila kwa polisi au kwa kifo, na polisi hawakuonekana. Basi watu wakaanza kumpa pole tangu mlangoni hadi kituo cha basi. Mtu mwenye akili angeeleza. Yeye alizipokea zote, moja moja, kwa mkono wa kulia.

Jioni ile wakakutana sebuleni kwangu kupanga namna ya kumkumbuka marehemu wao. Mwendwa hawezi hata kunywa maji bila kuunda kamati. Akajichagua mwenyekiti, Kiragu akawa mtunza gramafoni, Nzembi vyakula, na Mohdhar, kwa kura za wote, akachaguliwa mfiwa mkuu. Nikauliza mimi ni nani katika kamati hiyo. Wakaniambia mimi ni mwenye nyumba.

Kisha wakagombana, maana kila mmoja alikuwa na Dalwadi wake. Mwendwa alisema Dalwadi wa kweli ni yule wa farasi na bastola, wa ngoma zinazomfukuza jambazi mlimani, na akaongeza, Mungu amsamehe, kwamba nyimbo za mapenzi pengine zilitungwa na wasaidizi. Mohdhar hakumsemesha hadi chai ya pili. Kwake yeye Dalwadi ni zile fidla za huzuni. Kiragu akasema wote hawajui kitu, mtu yule aliumbwa kwa ajili ya dansi ya chacha. Nzembi naye hakutaka kusikia ila wimbo wa polisi mlevi aitafutaye kofia yake nayo i kichwani. Mimi nilikuwa nikikunja nguo pembeni, na kwa nilivyowasikia nilidhani wamekufa watu wanne. Mwishowe wakakubaliana kila mtu apige wimbo wake, na kwamba mtu aliyeweza kuyatunga yote hayo amewaacha wapenzi wake na kazi ngumu ya kumlilia.

Kumlilia vipi, hapo napo palikuwa na kesi. Mohdhar alijua Baniani hasomewi hitima, lakini akasema mikeka haina dini, wala kahawa chungu. Mwendwa akataka ratiba na hotuba, na kipengele kiitwacho Maisha ya Marehemu akisome yeye. Nzembi akasema atapika keki. Nikamwambia kwetu keki hailiwi matangani. Akanijibu kwa upole kwamba marehemu naye hakuwa wa kwetu.

Basi Jumapili mikeka ikatandikwa uani. Picha ya Dalwadi, iliyokatwa kwenye gazeti la filamu na kukuzwa kwa mpiga picha mjini, ikatundikwa ukutani sebuleni ikiwa na shada la maua, yeye amevaa koti na kijiti chake mkononi. Na mtaa huu, dada, una macho. Waliona mikeka, wakaona viatu mlangoni, wakamwona Mwendwa langoni na tai nyeusi. Hawakuuliza. Mama Wahu wa nyumba ya pili alikuja na sukari, nyuma yake akina mama wa kanisa na majani ya chai, wote leso kiunoni, wakaja kukaa nami wakinishika mkono. Mmoja akaniuliza kama marehemu aliugua sana. Nikasema ni moyo. Akaniuliza kama ameacha watoto. Nikasema sijui watoto, ila ameacha nyimbo nyingi. Akatikisa kichwa akasema huo nao ni urithi.

Sasa, wewe uliniandikia kwamba Bi Khamisa na kakake Maalim Twahir watakuja kuposa Jumapili ijayo. Hukuniambia, na pengine hukujua, kwamba mama huyo ana ada yake: mwali hatazamwi siku aliyojiandaa. Hutangaza wiki moja akaja wiki iliyotangulia, aone kama sufuria zimesuguliwa na kama msichana anajibu salamu moshi ukiwa machoni. Wake za wanawe wakubwa wote alikwenda kuwaona hivyo. Basi saa nane mchana ikasimama teksi kutoka stesheni, wakashuka, yeye na kakake na vikapu vyao vya posa.

Bi Khamisa alipoona viatu hakuuliza kitu. Mtu wa kwetu haulizi nani kafa kabla hajakaa. Alijifunika uso kwa buibui, akajipenyeza kati ya wanawake, akaanza kulia. Nimekwenda matanga mengi, dada, sijapata kusikia mtu aliaye vizuri namna ile. Nzembi, aliyekuwa na kisu cha keki mkononi, akaanza naye. Mama Wahu akafuata. Wakalia wanawake ambao filamu hawajaiona maishani mwao. Vikapu vikapokelewa na majirani wakidhani ni vya matanga, na nilipogeuka halua ya posa ya mwanangu ilikuwa ikizungushwa na kahawa, na watu wakiisifia.

Langoni nako, Maalim Twahir alimuuliza Mwendwa nani aliyefariki. Mwendwa akashusha sauti akasema tumempoteza ndugu yetu. Maalim akauliza, ndugu wa Mohdhar? Mwendwa akasema wa Mohdhar hasa, ingawa yeye naye alikuwa na haki yake kwake. Mohdhar ana ndugu mmoja tu duniani. Maalim akapiga hesabu yake, akairudia ile teksi kabla haijaondoka, akamtuma dereva stesheni kwa mpwa wake aliye gadi wa gari la moshi la jioni, awapelekee habari watu wa Mombasa. Hivyo ndivyo alivyokufa Athman, langoni kwangu, kwa kinywa cha mzee wa kanisa.

Mimi hayo sikuyajua wakati ule. Nilikuwa nahangaika na mambo mawili, picha na keki. Maalim aliingia sebuleni akaitazama ile picha kwa muda, akasema ni heshima kubwa mtu kuweka ukutani picha ya mwalimu mkuu wake, na kwamba walimu wa zamani hawakuachana na kiboko. Kiragu akamwambia ni kweli, tena huyu alikuwa mkali. Keki nayo ilikuwa na jina zima la marehemu kwa sukari ya waridi, Nzembi aliliandika kwa ufundi wa Spring Valley. Nikashika kisu mimi mwenyewe. Hasmukh nikawapa wanakanisa, Dalwadi nikawagawia wa Mama Wahu, na Maalim nikampa kipande chenye ua tu. Alikula akaomba kingine.

Zena alikuwa jikoni akimimina kahawa huku machozi yanamshuka, lakini hakuacha kumimina. Nilimwambia ajikaze, wageni watakaa kidogo waondoke, siku nyingine tutasema lolote. Hapo ndipo alipoingia Mama Wahu kusema kwamba yule shehe anamwombea Athman, na kuuliza Athman ni nani. Nikashika kichwa. Zena akaniambia bora akose mchumba kuliko ami yake asomewe akiwa hai. Nikamvuta Mohdhar ukumbini nikamsihi aseme ni mshirika wake wa biashara, Mwislamu wa mbali, mtu wa Zanzibar, mtu yeyote. Alinitazama tu, na mimi nikaogopa, kwa sababu sijawahi kumwona na uso ule.

Kwani Maalim alikwisha kukaa tayari kusoma. Akauliza, kama ilivyo ada, marehemu alikuwa bin nani, apate kumpelekea thawabu zake. Basi mwenyekiti wetu, ambaye tangu saa saba alikuwa akitazama saa akingoja kipengele chake, akadhani ameitwa. Akasimama, akavaa miwani, akakunjua karatasi, akatusomea kwamba marehemu Hasmukh Dalwadi alizaliwa Surat katika familia ya Kihindu, akatunga muziki wa filamu nyingi za aina zote, hasa za mapigano.

Bi Khamisa alikatiza kilio katikati. Maalim akageuka akaitazama picha, kisha akakitazama kile kipande cha keki mkononi mwake. Akauliza, bila kupandisha sauti, kama ni kweli amesafirishwa usiku kucha kwa gari la moshi kuja kumlilia mpiga muziki wa sinema. Niliona posa ya mwanangu ikitoka mlangoni ikiwa na kanzu na bakora yake.

Na hapa, dada, ndipo palipo na jambo ambalo wewe na mimi hatukulijua.

Mohdhar alisimama. Akasema ni kweli, na kwamba hakumdanganya mtu ila pia hakumsahihisha mtu, na kosa ni lake. Kisha akasema kwamba mwaka wa uhuru alimzika mwanawe wa kiume. Unamkumbuka Munir wetu, wewe ndiwe uliyempa jina. Akasema siku ile alirudi kutoka makaburini na jicho kavu, na watu wakamsifu kwa subira, wakasema huyu ni mwanamume. Lakini haikuwa subira. Alikuwa ameziba. Hakuweza kukaa matanga kwa sababu kila aliyempa mkono alimwona kama anamshika koo, ndiyo maana siku ya tatu alikwenda kufungua duka. Jumapili iliyofuata alikuwa akipita mjini, akaingia sinema kwa kuwa mle ndani kuna giza na hakuna atakayempa pole. Filamu yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Katikati zikaanza zile fidla, sijui kwa sababu gani, polisi mlevi yule anarudi nyumbani na mkewe amelala. Akasema alilia hapo hadi taa zikawashwa, na Kiragu akaja na tochi yake kumwambia imekwisha, akamwona, akakaa kiti cha pili wala asimuulize kitu. Wiki ya pili akarudi. Miaka kumi amekuwa akirudi. Akasema mtu huyu wa Bombay hakumjua yeye wala mwanawe, lakini ndiye pekee aliyemsaidia kumlilia Munir, na kama hilo si la kumkalia mkeka basi yeye hajui mkeka ni wa nini.

Mimi nilikuwa nimesimama na sinia. Miaka kumi nimelala kando ya mtu huyu nikidhani kifo cha mwanangu hakikumgusa. Sikumchukia, lakini kulikuwa na mahali moyoni nilipomfungia mlango, nawe wajua, maana nilikulalamikia. Nikaliweka sinia chini, nikaenda kusimama kando yake.

Mwishowe Bi Khamisa akamuuliza Mohdhar mtoto alikuwa na umri gani, na kama alisomewa. Mohdhar akasema alikuwa wa miaka sita, na alisomewa na wengine, baba yake hakuweza kukaa. Bi Khamisa akamgeukia kakake akamwambia aketi. Maalim akasema kwa Dalwadi hana la kusoma, huyo ana Mola wake na hesabu yake, lakini mikeka imeshatandikwa na watu wapo, na mtoto hakatazwi kusomewa mara ya pili. Akasoma Yasini yote. Mwendwa akavua kofia, akaona Maalim amevaa yake, akaivaa tena, akavua, mwisho akaishika kifuani. Nzembi na Kiragu wakainamisha vichwa. Na Mohdhar akalia, dada, mchana kweupe, mbele za watu, mkono wake umeshika wangu.

Walipoondoka nilimfuata Bi Khamisa hadi langoni kumtaka radhi na, nikuambie kweli, kumwombea mwanangu. Akanikata. Akasema yeye haneni posa penye matanga, hajapata kuvunja ada hiyo na hataivunja kwa ajili ya msichana mzuri. Nikajua ndiyo basi. Akafunga buibui lake, akasema watarudi baada ya arobaini. Nikamuuliza arobaini ya nani, maana Munir ana miaka kumi tangu tumzike. Akaniambia ya yule Baniani, nimhesabie tangu Alhamisi, kwani angalau yeye ana tarehe ya kuhesabia. Akasema alikuja kumwona Zena bila kupangiwa, akamwona anamimina kahawa huku analia bila kumwaga hata tone, na wake za wanawe wengine hakuna aliyeweza. Na Maalim anaomba ile keki iwepo, iandikwe jina la yeyote.

Kwa hivyo posa haijaharibika, dada. Ila sasa lazima tukae arobaini ya Bwana Dalwadi, na Mwendwa ameshaitisha kamati. Zena nimemsomea hadi hapa, ameosha uso, yuko nyuma yangu anauliza kama Faraj anapenda sinema. Athman tumempigia simu Kisumu asije akausikia msiba wake kwa watu.

La mwisho ni hili. Jana nilimwambia Mohdhar kwamba Jumapili hii nitakwenda naye sinema. Sijapata kwenda tangu anioe. Nikamwambia atafute viti vya karibu na mlango, kwa sababu najijua, nikianza kumlilia Munir sitanyamaza, na ni afadhali nitoke. Akaniambia tutakaa katikati, na kwamba mle ndani mtu hatolewi nje kwa kulia.

Mchukuzi sasa amevaa kofia, ananing'oa kalamu. Nisalimie shemeji, niwekee mkono juu ya vichwa vya wanao, na mguu uendelee kuukanda. Bi Khamisa akikupitia, mpe heshima zake na usimwonyeshe barua hii. Mohdhar na Zena wanakuamkua, na Mwendwa asiyekujua naye amenipungia dirishani anakuamkua.

Nakuombea afya kama ninavyojiombea, ni mimi nduguyo wa tumbo moja,

Saleha